Zawadi ya chokoleti kwa mwanaume: mume wangu na baba mkwe wa Kyela, nichague ipi?

MamaNuru

Habari za jioni wadau, poleni na majukumu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana nimezunguka wiki nzima sijapata jibu. Mume wangu anatimiza miaka 40 mwezi ujao na wiki hiyohiyo tunasafiri kwenda Kyela kwa wazazi wake, sasa nimewaza niwape zawadi ya chokoleti yeye na baba mkwe, ila sio zile za kawaida wanazonunua watoto wakitoka shule, nataka zile nzuri zinazotengenezwa hapahapa kwa kakao yetu. Nimeanza kuziona kwenye masoko ya wajasiriamali na maduka machache huku Dar, zimefungwa kwenye karatasi ngumu, zimeandikwa asilimia 70, 85, nyingine 100 kabisa.

Shida iko hivi. Mume wangu ni mtu wa kusema chokoleti ni ya watoto na akina mama. Hajawahi kukataa zawadi yangu, ila najua akiipokea ataigawa kwa watoto hapohapo na mimi nataka aile yeye. Baba mkwe naye ni mkulima wa kakao tangu ujana, sasa hivi ana miaka 71, kasomesha watoto sita kwa kakao, na mwaka juzi nilipomuuliza kama amewahi kula chokoleti iliyotoka kwenye kakao ya kwao akaniambia "mwanangu, sisi tunaishia kwenye gunia". Lile neno limenikaa mpaka leo. Isitoshe sukari inamsumbua, anatumia dawa.

Kuna duka moja wameniambia zipo "chokoleti za wanaume", boksi jeusi, ladha ya wiski, na bei ilikuwa juu kuliko zote. Kweli kuna kitu kama hicho? Bajeti yangu elfu 80 kwa wote wawili. Nisaidieni jamani.

JumaWaKijiweni

Dada, kuhusu mume usipate shida kabisa. Pita jioni kijiwe chochote cha kahawa, Kariakoo, Magomeni, au nenda Unguja barazani, utawakuta wanaume watupu wameshika vikombe vidogo vya kahawa chungu, sukari hamna hata chembe, wanaisindikiza na kashata, na sijawahi kusikia mtu anasema kashata ni ya watoto. Ni kwa sababu uchungu ndio uko mbele na utamu unakuja nyuma kidogo tu. Chokoleti yenye kakao nyingi iko hivyohivyo, ila sisi wanaume wengi tumekutana na ile ya maziwa na sukari tupu tukajua ndio yote iko hivyo.

Mimi nilikuwa na msimamo kama wa mumeo. Mwaka 2022 shemeji yangu akaniwekea vipande viwili vya asilimia 75 kwenye kisosi pembeni ya kahawa, hakusema ni zawadi, hakusema chochote, akaendelea na habari zake za shamba. Nikala kimoja nikasubiri, nikanywa kahawa funda moja, nikala cha pili, nikamuuliza umeitoa wapi hii. Tangu siku hiyo nanunua mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu usimpe akiwa amezungukwa na watoto na keki, mpe watoto wakishalala na kahawa iwe tayari mezani.

FundiKakao

Nafanya kazi kwenye karakana ndogo ya chokoleti hapa Dar, mwaka wa nne sasa, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu kidogo maana swali lako ni zuri na wateja wengi wanakosea palepale.

Kwanza chokoleti ya wanaume hakuna. Kuna boksi jeusi na kuna boksi la waridi, ndani mara nyingi ni kitu kilekile. Hilo la wiski ligeuze nyuma usome viambato, ukikuta sukari imetangulia kwenye orodha, halafu mafuta ya mawese au ya mimea, halafu unga wa kakao, halafu ladha ya kutengeneza, hapo umenunua boksi. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kidogo, ndio maana mimi namwambia kila mteja asome nyuma kabla ya mbele. Chokoleti nzuri nyeusi inaweza kuwa na vitu viwili tu, kakao na sukari. Wengine wanaongeza siagi ya kakao kidogo iwe laini, hiyo sio kosa, ni mafuta ya mbegu yenyewe.

Pili angalia inasema kakao imetoka wapi. Ikiandikwa "kakao bora ya Afrika" hujaambiwa kitu. Mtu anayeijua kakao yake anakutajia Kyela, au Mbingu kule bonde la Kilombero, na wengine wanakuandikia mpaka mwaka wa mavuno. Hii biashara kwetu bado changa, kakao yetu karibu yote inauzwa nje ya nchi ikiwa mbegu kavu. Kule Mbingu kuna Kokoa Kamili, walianza 2013, wananunua kakao mbichi kwa wakulima wadogo wanaivundika na kuikausha wenyewe, na mbegu zao ziko kwenye chokoleti za Dandelion kule San Francisco, jina la Kokoa Kamili limeandikwa mbele kwenye karatasi kabisa. Hapa Dar kuna Chocolate Mamas wanaotumia kakao ya Kyela. Wapo na wengine wadogo wanaochipukia wanaouza kwenye masoko ya mwisho wa wiki, hao ukiwakuta waulize maswali, anayetengeneza mwenyewe kuanzia mbegu anapenda kuulizwa na anajibu bila kubabaika, anayeyeyusha chokoleti ya kununua na kuimwaga kwenye kalibu utamjua kwenye swali la "mnakaanga dakika ngapi".

Tatu hiyo asilimia. Sabini maana yake ni kwamba gramu 70 katika kila gramu 100 zimetoka kwenye mbegu ya kakao, pamoja na siagi yake kama imeongezwa, na zilizobaki karibu zote ni sukari. Haikuambii ubora hata kidogo. Kuna asilimia 70 inayokwaruza koo na kuna 85 inayoteleza vizuri, inategemea mbegu ilivundikwaje, ilikaangwaje, ilisagwa muda gani. Sisi tunasaga kwenye mashine ya mawe siku mbili mpaka tatu mfululizo usiku na mchana, ukipunguza muda ulimi unasikia mchanga.

Sasa kwa mumeo mimi nisingempa baa moja. Tafuta mbili zenye asilimia sawa, tuseme 70 na 70, moja ya kakao ya Kyela na nyingine ya Kilombero, kama unaweza zote za mtengenezaji mmoja. Mwambie hizi zina sukari kiasi kilekile na kakao kiasi kilekile, kilichobadilika ni shamba tu, niambie tofauti. Nimeona hili kwenye meza yetu pale sokoni mara nyingi, mwanaume anakuja nyuma ya mke wake anaangalia simu, ukimpa vipande viwili alinganishe simu inaingia mfukoni na anaanza kubishana. Asilimia 100 usimpe anayeanza, ataitema na hatarudi tena.

Ukiinunua fanya hivi: vunja kipande karibu na sikio. Ikikatika kwa mlio mkavu, na sehemu iliyovunjika ikawa imenyooka, imetempwa vizuri, yaani imepashwa moto na kupozwa kwa hesabu mpaka siagi ya kakao ikajipanga sawasawa. Kwa nyeusi tunapandisha mpaka kama nyuzi 45 au 50, tunashusha mpaka 27 au 28, tunairudisha 31 au 32. Ukikosea nyuzi mbili tu inajipinda bila kukatika na juu inakosa mng'ao. Kama juu ina unga mweupe au mabaka ya kijivu sio ukungu, haidhuru, ila ujue imeshayeyuka na kuganda mahali fulani au imekaa kwenye unyevu. Kwa zawadi usichukue.

MzeeWaMbagala

Samahani binti yangu sikupingi ila nasema ninavyoona. Elfu 80 kwa kitu cha kula dakika tano ni nyingi. Mzee wa miaka 71 mkulima, mpelekee shati zuri na kilo kadhaa za sukari na sabuni nyumbani, hivyo vinaonekana. Na hizi chokoleti za asilimia nani anaziweza bei yake, baa moja ni milo mitatu ya mama ntilie.

Mtoto wa Ipinda

Mzee wangu wa Mbagala shikamoo. Nakuelewa na hata mimi shati na sukari ningepeleka, tena mgeni akienda Kyela mikono mitupu haipendezi. Ila naomba nikwambie kitu kuhusu huyu baba mkwe maana nimezaliwa kwenye hiyo kakao.

Nimelelewa Ipinda, hukohuko Kyela. Tunda likiiva tulikuwa tunapasua kwa rungu badala ya panga, panga linakata mbegu na mbegu iliyokatwa inaoza kwenye kuvundika. Sisi watoto tulikuwa tunafyonza ule utelezi mweupe, ni mtamu una ukali kama wa stafeli, na baba alikuwa anatugombeza kwa sababu ule utelezi ndio unaovundika, ukiumaliza mbegu haiivi. Halafu mbegu zinaingia kwenye sanduku la mbao, zinafunikwa majani ya mgomba, siku ya pili ukiingiza mkono unasikia joto kama la uji uliopoa kidogo na harufu ya siki inakupanda puani. Unageuza, unafunika tena. Siku ya sita unatoa unaanika kwenye vichanja, wiki nzima unageuza, mvua ikitishia kila mtu anakimbia, hata mgeni anakimbia. Baba alikuwa akitaka kujua kama imekaa sawa anapasua mbegu moja katikati kwa kisu, ikiwa kahawia na ina mipasuko ndani anatabasamu, ikiwa zambarau anakaa kimya na siku hiyo hamumsemeshi.

Sasa mtu amefanya hivyo miaka 50. Kila mwaka gunia linaenda ghalani, siku hizi chama cha msingi cha ushirika kinapima, inaingia stakabadhi ghalani, mnada unafanyika, hela inakuja, imekwisha. Zamani kabla ya huo utaratibu ilikuwa mbaya zaidi, watu walikuwa wanauza kakao mbichi kwa bei ya kutupa mtoto akiugua au ada ikidaiwa, ndiyo tuliyoiita njemke. Mwaka 2024 kakao ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, wakati mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kama dola 2,500 tu, mavuno ya Ivory Coast na Ghana yaliharibika kwa hali ya hewa na magonjwa ya miti, na hao wawili ndio wanatoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Kwa hiyo mzee wangu, ndio maana bei ya hizo baa ilipanda, na kwa mara moja bei ilipopanda na sisi kule tulicheka, watu waliezeka nyumba.

Lakini bado anayelima hajui inakuwa nini mwishoni. Baba yangu alifariki 2016 hajawahi kuionja. Ningekuwa na baa moja tu iliyoandikwa Kyela ningempelekea kabla ya shati. Dada MamaNuru mpelekee, na usimpelekee ya Kilombero wala ya nje hata kama ni nzuri zaidi, mpelekee ya Kyela. Na jina la Kyela liwe limeandikwa kwa herufi anazoziona bila miwani.

MzeeWaMbagala

Marahaba kijana. Nimekuelewa, na pole kwa mzee. Binti peleka na hiyo chokoleti, ila na sukari ya bi mkubwa usisahau.

Nesi_Temeke

Nimeona hakuna aliyegusa sukari ya baba. Mimi ni muuguzi, naongelea kwa ujumla tu, daktari wake ndiye anamjua. Watu wanadhani chokoleti chungu haina sukari. Baa ya gramu 70 yenye asilimia 70 ina karibu gramu 21 za sukari, hiyo ni kama vijiko vitano vya chai. Ya asilimia 85 gramu hizohizo 70 ina kama gramu 10 na nusu. Kwa hiyo kwa baba chukua 85, na asile baa nzima kwa kukaa mara moja, vipande viwili vidogo baada ya chakula vinatosha. Zile zilizoandikwa "haina sukari" zisome vizuri pia, nyingi zinatumia vitamu mbadala kama maltitoli ambavyo bado vinapandisha sukari kiasi na vikizidi vinaharibu tumbo. Na asile usiku sana, kakao nyingi ina kafeini kidogo na ina theobromini, wazee wengine hawapati usingizi. Na kama kuna mbwa nyumbani asipewe hata mabaki, kwao ni sumu.

Bi Salma Muscat

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Muscat nikaona niseme. Huku chokoleti kumpa mwanaume hakuna anayeshangaa. Mtu akipata mtoto, akitoka Hija, akihamia nyumba mpya, Idi, wanaume wanaingia majlisi na sinia la chokoleti limewekwa pamoja na halwa, tende na kahawa, na mwenye nyumba mwanaume ndiye anakukaribisha uchukue. Maduka kama Patchi, la Kilebanoni hilo, wanakuuzia kwa kilo, unachagua moja moja wanakupangia kwenye sinia. Kwa hiyo kusema ni ya watoto ni mazoea tu ya kwetu.

Ila ushauri wangu ni kwamba usinunue zenye pombe kama hujui mtu anakunywa au hanywi. Hiyo ya wiski, au zile zilizojazwa ramu ndani, umpelekee baba mkwe mbele za watu halafu asiweze kula, ni aibu kwake na kwako. Muuzaji akikwambia "ni ladha tu" mwambie akuoneshe palipoandikwa. Na kingine, mimi vile vilivyojazwa krimu na pistachio kama ile ya Dubai iliyovuma nampa kijana, mtu mzima nampa iliyo kavu. Hata tende ndani ya chokoleti nyeusi ni nzuri sana mwanangu, kama utazipata.

Kambale_Goma

Nawasalimia wote. Huku kwetu Kongo nayo kakao iko nyingi upande wa Beni, na pale Mutwanga karibu na mbuga ya Virunga kuna kiwanda kidogo cha chokoleti kinatumia umeme wa mto wa palepale. Mimi kila nikienda kumuona kaka yangu Bukavu nampelekea hiyo, hata kama kuna vitu vya bei kubwa vya Ubelgiji. Miaka mingi kakao yetu ilikuwa inapita mpaka tu na vita inabaki kwetu. Kaka yangu ni mwanajeshi mstaafu, si mtu wa maneno, lakini lile karatasi hatupi. Na jirani zetu Uganda wana Bundibugyo, chokoleti yake inatengenezwa Kampala na kampuni ya Latitude. Kwa hiyo dada mimi naona umewaza vizuri kabisa, mpe mtu kitu cha udongo wake.

MamaNuru

Asanteni sana jamani, nimesoma yote na mume wangu amekaa hapa pembeni hajui naandika nini. Boksi la wiski nimeachana nalo. Nimepata mbili za asilimia 70, Kyela na Kilombero, na moja ya 85 ya Kyela ya baba. FundiKakao nina swali lingine, tunasafiri na basi, Dar mpaka Kyela, na Kyela joto lake mnalijua. Nitazifikishaje? Niziweke friza zigande kabisa?

FundiKakao

Friza usiweke! Siagi ya kakao inaanza kulegea kabla hata ya joto la mwili, ndio maana inayeyuka mdomoni, kwa hiyo juani haina ubishi. Lakini baridi kali nayo inaiharibu kwa njia nyingine, ukiitoa kwenye friza inatoa jasho, yale maji yanayeyusha sukari ya juu, ikikauka inaacha unga mweupe unaokwaruza. Inataka mahali penye nyuzi 15 mpaka 18 pakavu, na Dar bila kiyoyozi hupapati, basi tufanye hivi.

Zifunge baa kwenye mfuko wa plastiki uukaze hewa isiingie, uzungushie khanga au taulo, uweke ndani ya deli dogo. Chupa mbili za maji ya baridi, sio barafu, weka pembeni nazo uzifunge kitambaa zisigusane na chokoleti. Deli likae na wewe ndani ya basi chini ya siti upande usiopigwa jua, kwenye buti usiweke hata konda akikuapia. Ni zaidi ya kilomita 900 na buti za mabasi mengine ziko karibu na injini. Nayasema haya kwa uchungu, mwaka wa kwanza nilimtumia mjomba wangu Songea kifurushi cha baa kumi, nilimlipa mtu wa mizigo na nikamwandikia juu kwa herufi kubwa KISIKAE JUANI, kilifika kimekuwa mfuko mmoja wa uji ulioganda na karatasi ndani yake. Mjomba alinipigia simu akaniambia amekula na kijiko na ni tamu, lakini mimi nilijua alichokula sicho nilichotengeneza.

Ukifika usifungue mfuko papo hapo. Uache kama saa moja au mbili ulingane na joto la chumba, ndio ufungue. Na mpe baba asubuhi mapema au jioni jua likizama, mchana hapana. Akishaiweka mdomoni mwambie asitafune, aiache iyeyuke.

MamaNuru

Wadau nimerudi, samahani kwa kuchelewa, mtandao kule unasumbua. Naandika tukiwa Mbeya mjini tunasubiri basi la kurudi.

Ya mume nilimpa Dar usiku wa siku yake, watoto wamelala, kahawa nimeichemsha na tangawizi kidogo kama anavyopenda. Nikamwekea vipande vinne kwenye kisosi, viwili vya kila shamba, nikamwambia maneno ya FundiKakao kama yalivyo. Mwanzoni akasema zote sawa. Nikakaa kimya. Akarudia ya pili akasema hii ina kitu kama ndimu, hii nyingine ni nzito kama korosho iliyokaangwa. Ya ndimu ilikuwa Kilombero. Mpaka saa sita usiku tumekaa tunaongea habari za utoto wake, jinsi walivyokuwa wanalala kwenye ghala la baba yake kulinda magunia, vitu ambavyo miaka 12 ya ndoa sijawahi kuvisikia. Watoto hawajapata hata kipande.

Ya baba ilifika salama, haikuwa na doa, nilitaka kulia nilipofungua. Niliwapa shati na sukari na sabuni kwanza kama mzee wa Mbagala alivyosema, bi mkubwa amefurahi sana. Jioni baba amekaa nje kwenye kigoda nikapiga magoti nikampa kwa mikono miwili. Akaigeuza, akasoma kwa sauti "Kyela". Akasoma tena. Akaniuliza, Kyela hii? Nikasema ndiyo baba, hii hapa.

Akanawa mikono kwanza. Akaivunja, ikalia ile sauti, akainusa muda mrefu sana, akaweka kipande mdomoni akafumba macho. Tulikuwa watu wengi pale, na wajukuu, hakuna aliyeongea. Halafu kitu cha kwanza alichosema akauliza, "hii imevundikwa siku ngapi?" Nikasema sijui baba. Akasema si chini ya sita. Akamtuma mjukuu ghalani amletee mbegu kavu, akaipasua moja kwa kisu chake akatuonesha ndani, kahawia yenye mipasuko kama alivyoandika Mtoto wa Ipinda, akatafuna mbegu kidogo na chokoleti kidogo, mbegu tena, chokoleti tena. Akamwita bi mkubwa aje aonje. Bi mkubwa akasema ni chungu, akachukua kipande kingine. Baba akala viwili tu, Nesi usiwe na wasiwasi, nilimwambia na alikubali mwenyewe, vingine akagawa kwa mkono wake kwa kila mtu mzima aliyekuwepo, majirani wawili wanalima kakao nao hawajawahi kuionja. Akaniambia ndaga fijo mwanangu, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na ile karatasi akaikunja mara mbili akaiweka ndani ya daftari lake la risiti za chama cha msingi.

Asubuhi tunaondoka nikamkuta ameshaamka, amechambua mbegu moja moja, ametoa zilizobapa na zilizovunjika, ameweka kama kilo mbili kwenye mfuko safi wa khaki. Amesema hizi ni za sanduku lake la mwisho, zimevundikwa siku sita na zimegeuzwa mara tatu, niwapelekee hao wanaotengeneza wazionje za kwake peke yake bila kuchanganywa na za mtu, na wamwambie ukweli. FundiKakao, karakana yenu inaweza kusaga kilo mbili tu? Tunafika Dar kesho usiku, Jumatatu naweza kuzileta popote utakaponiambia.

FundiKakao

Lete. Mashine yetu ndogo inachukua kilo mbili. Niandikie tarehe aliyozitoa kwenye sanduku, na muulize alikausha siku ngapi, nataka niviandike vyote kwenye karatasi ya baa zake.